Bi Saa Kumi na Mtaa Uliopakwa Kijivu

Leo Ijumaa, tarehe thelathini, afisa mipango miji mwandamizi wa idara yetu anastaafu baada ya kulitumikia jiji kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa. Hesabu ya siku tisa ni yake mwenyewe. Masjala walikuwa wameandika siku nane, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu kuwasahihisha, na walipomwambia kwamba siku moja haina neno aliwauliza ni siku ipi kati ya zote hizo ambayo hawakumwona kazini.

Jina lake kamili limo kwenye barua ya kustaafu, lakini humu ndani halijatumika miaka mingi. Sisi tunamwita Bi Saa Kumi. Madereva wa idara wanamwita hivyo, na hata mumewe, tuliyemsikia kwa masikio yetu kwenye harusi ya binti yao, anamwita hivyo. Wageni hudhani ameitwa hivyo kwa sababu anawahi kutoka kazini. Wangejua! Saa kumi jioni, wenzake wanapofunga droo, yeye ndiyo kwanza anavaa viatu vya kutembelea.

Alianza kama msaidizi, kazi yake kunoa penseli na kukunjua ramani mbele ya wakubwa. Akasoma masomo ya jioni, akapata cheti, kisha stashahada, kisha shahada aliyoimalizia akiwa na mimba ya mtoto wa pili. Wakuu saba wa idara wamepita juu ya kichwa chake. Kila mmoja alikuja na mabadiliko makubwa, na kila mmoja aliondoka akiliacha kabati la chuma la chumba namba kumi na mbili, linalomeza mipango iliyokataliwa, mahali pale pale.

Mwandishi wa wasifu huu ni mchora ramani, naye amekaa na mstaafu katika chumba hicho kwa miaka ishirini na miwili. Kwa hiyo asidhani ataondoka hapa bila kusemwa. Bi Saa Kumi hakopeshi penseli ya rangi hata kwa mtu anayekata roho. Huzungumza na ramani akidhani hasikiki. Kwenye mkoba wake mna tepu ya chuma ya mita tano, ambayo aliitoa katika sherehe ya uchumba wa mhasibu wetu ili kupima mlango wa ukumbi, na akawatangazia wageni walioketi kwamba ni mwembamba kwa sentimita kumi na mbili. Na mtu huyu anayejua kila uchochoro wa jiji hajawahi kuufikia ukumbi wa mikutano wa ghorofa ya nne bila kuuliza njia.

Kazi zake mnazipita kila siku bila kujua. Kituo cha basi cha mbele ya hospitali alikisogeza hatua arobaini, na tangu hapo wagonjwa hawavuki tena barabara kuu. Ghala la saruji lililokuwa makazi ya popo leo ni zahanati yenye wodi ya wazazi. Mzunguko wa barabara ya viwandani nao ni kazi yake, na kuhusu huo tumekubaliana tunyamaze. Madereva wanaouzunguka mara tatu wakitafuta pa kutokea wana maneno yao, nasi hatuna la kuongeza.

Lakini mwenyewe ukimuuliza kazi yake ni ipi, hakutajii zahanati wala kituo. Anakutajia mtaa mmoja wa pembezoni, ule uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi. Kiwanda kilipofungwa zilibaki nyumba za safu, maghala mawili, ukuta mrefu na barabara pana ya malori ambayo haipiti lori tena. Katika mwaka wake wa tatu kazini alitumwa kuukagua. Alifika saa nne asubuhi, akakaa dakika arobaini, akaona milango imefungwa, uwanja mtupu, paka wawili na mzee mmoja amelala kwenye benchi. Akaandika kwamba hakuna shughuli. Kwenye ramani mtaa ukapakwa rangi ya kijivu, ambayo kwetu ina maana ya ardhi isiyotumika ipasavyo, inayosubiri mpango mpya. Na panaposubiri mpango mpya hapatolewi kibali chochote, si cha kujenga, si cha kuezeka upya, si cha kutoboa hata tundu la hewa.

Miaka minne baadaye alikuwa anatafuta fundi wa kumshonea bintiye sare za shule. Jirani akamwelekeza kwa fundi cherehani mmoja hodari, nyuma ya kiwanda cha zamani. Akaenda na bintiye baada ya kazi, na saa kumi jioni akajikuta amesimama kwenye uwanja ule ule, akapigwa na butwaa. Watu walikuwa wamerudi kutoka vibarua vyao vya mjini. Maghala yalikuwa wazi, maseremala wanapiga randa, akina mama wana darasa la kusoma na kuandika, timu mbili zinagombea mpira, na cherehani sita zinalia kwa pamoja. Fundi aliyempima bintiye alikuwa anashonea mlangoni, nusu ndani, nusu nje, kwa sababu chumba chake hakikuwa na dirisha. Alilalamika kwamba ameomba kibali cha kutoboa ukuta akanyimwa, kwamba huko mjini kuna mtu ameamua mtaa huu hauna watu, na kwamba siku akimpata ana maneno yake. Bi Saa Kumi alilipia sare, akashukuru, akaondoka bila kujitambulisha.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa mkuu wa idara wa wakati ule. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kwa upole kwamba ramani ikishatiwa sahihi haibadilishwi kwa sababu ya sare za shule.

Hapo ndipo lilipozaliwa jina lake. Alijiwekea sharti, na baadaye akalifanya sharti la idara nzima, kwamba hakuna mtaa utakaotiwa sahihi kabla haujakaguliwa asubuhi, saa kumi jioni na siku ya mapumziko. Waajiriwa wapya hulilalamikia sharti hilo wiki ya kwanza. Wiki ya tatu wanarudi na madaftari yamejaa, na wanaanza kuwafundisha wengine kana kwamba wamelitunga wao.

Mtaa wenyewe, hata hivyo, ulibaki kijivu. Alikuwa akienda huko kila baada ya miezi michache, kwa basi, kwa miguu, mara moja kwa baiskeli ya kuazima iliyomwangusha. Alichokiona ndicho kilichomnyima raha. Mtu ambaye paa lake linavuja na haruhusiwi kuliezeka upya huhama. Akihama, nyumba hubomoka. Ukaguzi uliofuata ukakuta watu wachache kuliko mwanzo, na ule uliofuata wachache zaidi, mpaka maandishi yake ya uongo yakaanza kufanana na ukweli. Aliandika mipango mitatu ya kuufufua mtaa ule, na mitatu yote ikaingia kwenye kabati la chuma. Na mimi nami sijitoi. Mara nne ramani ya jiji ilichorwa upya, na mara nne mkono wangu huu ulirudia kupaka kijivu mahali pale pale, kwa sababu ndivyo nilivyoagizwa, na yeye ameketi mita mbili kutoka kwangu akinitazama. Aliniambia kisa hiki wiki yangu ya kwanza kazini. Hakuna mwingine humu ndani aliyekijua.

Miaka mitatu iliyopita alianza mpango wa nne, akaapa kwamba hastaafu mtaa ule ukiwa kijivu. Safari hii aliketi na wakazi wenyewe, kila saa kumi, karatasi zimetandazwa juu ya meza ya seremala. Nyumba zilizosimama zitengenezwe. Maghala yawe karakana halali. Ukuta wa kiwanda utobolewe njia mbili ili watu wasiuzunguke nusu saa kufika kituoni. Barabara ya malori ipunguzwe upana, pembeni ipandwe miti, na viwanja vilivyobaki wazi vijengwe nyumba mpya katikati ya zile za zamani. Fundi cherehani alikuwa hakosi mkutano, na alikuwa mkali. Alitaka kujua kwa nini mama huyu wa mjini anahangaika nao kiasi hiki. Bi Saa Kumi alikuwa akimjibu kwamba ni kazi yake, kisha anainamia karatasi.

Wiki sita zilizopita mpango ulifika mbele ya kamati ya baraza. Mimi ndiye niliyebeba ramani, kwa hiyo haya niliyaona. Mwenyekiti wa kamati alikuwa na mafaili mawili mbele yake. La zamani lilisema hakuna mtu, la sasa linasema watu mia nne na kumi na wawili wanafanya kazi pale kila siku. Akauliza, bila ukali, idara ilidanganya lini, na kama hatuna maelezo ya faili la kwanza basi yote mawili yarudishwe na ukaguzi uanze upya. Kila aliyekuwa mle alijua maana yake. Bi Saa Kumi angekuwa ameshaondoka, na mpango ungekwenda kuungana na ndugu zake watatu kabatini.

Sahihi kwenye faili la zamani haisomeki, na mkuu wetu wa sasa alikuwa na jibu tayari, kwamba mkaguzi wa wakati ule alishaacha kazi zamani. Lingepita. Nyuma yetu, kwenye viti vya wananchi, walikaa watu kama thelathini wa mtaa ule, na fundi cherehani katika safu ya mbele. Afisa aliyebakiwa na wiki sita kazini, akikiri mbele ya baraza kwamba aliandika uongo, anaweza kumwagiwa unga mlangoni kabisa. Nilimvuta mkono wa gauni chini ya meza. Akaunyofoa, akasimama.

Maneno yake yamo kwenye muhtasari wa kikao, maana alimwomba karani ayaandike kama yalivyo: “Sahihi hiyo ni yangu. Nilikwenda saa nne asubuhi, nikakaa dakika arobaini, nikaandika hakuna watu. Watu walikuwepo. Walionishukuru miaka yote hii hawakujua kwamba niliyewafungia vibali ni mimi.”

Fundi cherehani aliinuka, akachukua mkoba wake, akatoka bila kugeuka. Bi Saa Kumi alimfuata kwa macho mpaka mlango ukajifunga. Mwenyekiti aliahirisha kikao kwa wiki mbili. Wiki mbili hizo ndizo pekee katika miaka ishirini na miwili ambazo nilizichukua penseli zake na hakugombana nami.

Kamati iliporudi, mwenyekiti alisema kwamba faili lenye mtu aliye tayari kulisimamia ni bora kuliko lisilo na mwenyewe. Mpango ukapita, wawili tu wakipinga. Hakuna aliyemchukulia hatua yoyote. Alirudi chumba namba kumi na mbili, akanipa penseli ya manjano, rangi ya makazi na kazi, akaniomba nipake mimi. Nilipaka nikiwa na kamasi puani, na siombi radhi.

Ombi la kwanza la kibali lilifika kaunta Jumatatu iliyofuata. Dirisha moja, upana mita moja na robo, mwombaji fundi cherehani. Vijana wa kaunta wangeweza kulimaliza, lakini ukaguzi Bi Saa Kumi aliutaka mwenyewe, nami nikaandamana naye maana niliogopa kumwacha peke yake. Fundi alitukuta mlangoni na hakutukaribisha. Alimwacha apime ukuta, aandike, agonge muhuri. Kisha akasema kwamba kwa miaka thelathini alikuwa na maneno ya kumwambia mtu huyo, aliyapanga na kuyapangua huku akishona, na tangu siku ya kikao anayatafuta hayapati. Alichobaki nacho ni swali moja, kama mtu huyo ana nguo ya maana ya kuvaa siku ya kuagwa. Fundi akamwambia asimame wima, anyooshe mikono, atulie. Akavua futi shingoni, akampima.

Mwashi alitoboa ukuta Jumamosi. Gauni la kijani mtakalomwona nalo leo ukumbini lilishonwa Jumapili na Jumatatu, ndani ya chumba, mlango ukiwa umefungwa.

Dada yetu, idara nzima inakushukuru, na mtaa mzima wa nyuma ya kiwanda umetuma watu wa kusema hivyo kwa sauti. Uwe na afya, umchoshe mumeo kwa kumpimia milango, ucheze na wajukuu. Na gauni hilo usilitundike kabatini. Livae mpaka lichakae, maana fundi amesema likichakaa nafasi ya kushona jingine anayo.