Muuguzi Aliyekaimu Tumbo la Mgonjwa

Tarehe 30 Juni 2023 Dada Mwanawetu Uthman anastaafu, baada ya miaka ishirini na minane ya uuguzi katika kliniki yetu ya Kansanga. Alipoajiriwa tulishughulika na vidonda vya tumbo tu. Daktari Komakech alipoanza kutibu unene kwa puto, Mwanawetu ndiye aliyesimama kichwani pa kitanda. Puto hupitishwa mdomoni likiwa limekunjwa, hujazwa maji tumboni, na hukaa humo miezi sita ili mtu ashibe upesi. Hakuna kisu. Kuna hofu, na hofu ilikuwa kazi ya Mwanawetu. Alimshika mgonjwa mkono na kumwambia ameze kama anayemeza habari mbaya: mara moja, bila kutafuna.

Tunayemkumbuka zaidi ni Mzee Mugisho, muuza vitenge wa Kisenyi, mzaliwa wa Bukavu. Sukari ilikuwa imempanda, na pumzi zilimkatika usingizini, hata mkewe Marie-Louise akawa anakesha, anamsikiliza. Puto likawekwa. Wiki ya pili mzee akarudi kuomba litolewe Jumamosi na kurudishwa Jumatatu. Mwanawe Guerschom alikuwa anakwenda kutambulishwa kwa wakwe Mengo, na baba asiyekula luwombo ya wenyeji, nyama ya mchuzi wa karanga iliyopikwa ndani ya majani ya mgomba, huonekana amewadharau. Daktari akakataa. Mzee akalia, machozi ya kweli.

Mwanawetu akajitolea kwenda naye. Akaazima gomesi, vazi la sherehe la wanawake wa hapa, akaketi upande wa mashangazi. Chakula kilipoletwa, Mzee Mugisho akaishia vijiko viwili. Baba wa msichana akauliza kama mapishi ya nyumba yake yana kasoro. Guerschom akaanza kutokwa jasho.

Mwanawetu akapiga magoti. "Ssebo, bwana wangu, tumbo la mzee liko likizo ya ugonjwa," akasema. "Mimi nakaimu."

Akala sahani yake, akala na ya mzee, mpaka mchuzi wa karanga ukaisha. Mkwe akacheka hadi kofia ikamdondoka. Ndoa ikafungwa.

Tangu hapo wagonjwa walimwombea ruhusa kila palipokuwa na sherehe, na Daktari akalazimika kubandika tangazo mlangoni kwamba kliniki haitoi wauguzi wa kula. Mzee Mugisho alipungua, sukari ikatulia, Marie-Louise akalala. Mwanawetu alinenepa kidogo. Hakuna aliyethubutu kumpima.

Sasa anakwenda Kisenyi kufungua mgahawa wa pilau pamoja na binti yake Firdaus. Daktari amemsihi atumie sahani ndogo. Amekataa.

Dada Mwanawetu, asante kwa kila mkono ulioushika. Tunakutakia afya, wateja wengi, na sahani zinazorudi jikoni tupu. Watakaozidiwa, walete huku, njia unaijua.