Mama Tarehe, Aliyekataa Jumba Livunjwe

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, msimamizi mkuu wa jumba letu la sherehe anastaafu baada ya miaka thelathini na minane ya kazi. Kwenye faili ana jina lake kamili, zuri tu, lakini humu ndani hata mkurugenzi hulisahau. Sote tunamwita Mama Tarehe, na kamati imenipa mimi, mpishi, kazi ya kueleza kwa nini. Nimekubali kwa sharti moja: yeye asiyasome maandishi haya kabla, maana angenirudishia nikaandike upya.

Alianza kama msichana wa kufua na kupiga pasi, wakati huo jumba likiwa bado nyumba ya watu. Lilijengwa na mfanyabiashara wa mbao, na mbao hakuzifanyia choyo: ngazi za mbao, sakafu za mbao, na dari ya ukumbi wa juu imechongwa maua kila pembe. Alipofariki, mjane wake, Bibi Mkubwa, akabaki na watoto watatu, kaka mkubwa na dada zake wawili. Watoto wakakua, wakaenda zao. Mama Tarehe ndiye aliyemuuguza Bibi Mkubwa mpaka akamfumba macho.

Baada ya msiba nyumba ikafungwa, naye akaachwa ailinde. Kila asubuhi alifungua madirisha yote na jioni akayafunga, kwa sababu mbao zikikosa hewa huoza. Majirani walimcheka, eti anamfungulia nani. Yeye akaendelea kufungua madirisha.

Kisha kaka mkubwa akapata mnunuzi. Huyo alitaka kiwanja tu. Jumba lilikuwa livunjwe, mbao ziende kuwa kuni. Kaka naye alikuwa na sababu zake, paa lilivuja na hakuna aliyetaka kuishi humo. Siku ya kutia sahihi ilipopangwa, Mama Tarehe aliomba jambo moja tu: binti yake alikuwa anaolewa, basi harusi ifanyike humo kabla nyundo ya kwanza haijapiga. Wakamkubalia. Nani angemnyima?

Yeye, mumewe ambaye ni seremala, na mashemeji wote walioweza kupinda mgongo, walisugua sakafu wakiwa wamepiga magoti na kuziba paa. Harusi ikafana kweli kweli. Watu waliozoea kulitazama jumba kutoka nje ya geti walipanda zile ngazi kwa mara ya kwanza, wakaona dari, wakashika mdomo. Wakatoka humo wakiamini kwamba mji umepata ukumbi mpya.

Jumatatu akaja mama mmoja kuuliza ukumbi uko wazi lini. Mtu mwingine angemwambia, samahani, hapa si ukumbi na karibuni patavunjwa. Mama Tarehe aliwaza kidogo, akampa tarehe. Akaja wa pili, akampa tarehe. Wa tatu naye hakutoka mikono mitupu. Ruhusa hakuiomba kwa mtu, kwa kuwa alijua hangepewa. Mumewe aliposikia alishika kichwa, akasema safari hii amewatia wote matatani.

Kaka mkubwa alipokuja na dada zake kutia sahihi na kukuta harusi tatu zimeshapangwa, aliwaka mpaka sauti ikamkauka. Alimwita mwizi wa nyumba ya baba yao. Neno hilo lilimchoma, na linamchoma hata leo. Lakini hakurudi nyuma hatua moja. Alisema kumfukuza wamfukuze, sawa, ila ndoa za watu zimeshatangazwa, kwa hiyo kaka aende mwenyewe kwa wale mama watatu akawaambie. Akamwelekeza na nyumba zao, moja moja. Jamani! Nyie mnawajua mama wa bibi harusi? Kaka akawatazama dada zake. Mmoja akawa anaangalia dari, mwingine akasema kichwa kinamgonga. Hakuna aliyekwenda. Wakaahirisha mpaka harusi ya tatu ipite, na kabla haijapita kulishakuwa na ya nne. Mnunuzi akachoka kusubiri, akatafuta kiwanja kwingine.

Ndivyo alivyopata jina, ndivyo jumba lilivyogeuka ukumbi, na ndivyo sisi wapishi, wapambaji, wahudumu na walinzi tulivyopata ajira. Tunakula hapa kwa ubishi wa mtu mmoja.

Sisemi ni rahisi kufanya naye kazi. Msumari ukutani ni marufuku, kila kitu kifungwe kwa kamba. Mpambaji mmoja aliwahi kuficha nyundo ndani ya boksi la maua. Alipiga mara moja tu, na Mama Tarehe, aliyekuwa bustanini, akawa ameshafika mlangoni. Mimi nimekatazwa kupandisha masufuria kwa ngazi kubwa, nazunguka nyuma na magoti yangu haya mabovu. Nimelalamika miaka yote. Wapi!

Kaka mkubwa hakuwahi kumwomba radhi. Alikuja kwenye vikao vya jumba, akamsalimia kwa kutikisa kichwa, basi. Mwaka jana aliugua, na alipozidiwa aliwaambia wanawe kwamba akifa asitolewe hospitali wala kwake, atolewe nyumbani kwao. Jeneza lake lililala ukumbi wa juu, chini ya dari aliyotaka iwe kuni. Mama Tarehe alilia mpaka tukaogopa. Kisha akajifuta machozi, akawatangulia wabebaji kwenye ngazi, akiwaonyesha pa kukanyaga.

Mama yetu, asante kwa kutupigania hata kabla hujatujua. Kapumzike sasa, ulale mchana, ubishane na wajukuu. Afya na heri zikufuate kila uendako. Kaka mkubwa alipotaka kurudi kwao, kwao palikuwapo.