Bi. Nzisa na Santuri ya Tisa

Tarehe 30 Novemba 2004, saa kumi na moja jioni, Bi. Nzisa Kimeu atafunga mlango wa chumba cha kanda cha Kituo cha Nyenzo za Walimu cha Kyeni, hapa mjini Machakos, na kesho yake hatarudi kuufungua. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na miezi kumi. Aliajiriwa tarehe 1 Februari 1974, fundi wa sauti wa kwanza mwanamke katika kituo hiki, na kwa muda mrefu alikuwa fundi wa sauti wa pekee, wa kike au wa kiume.

Mimi ninayeandika ni Dedan, fundi mwenzake tangu mwaka 1995. Niliomba kazi hii ya kuandika mbiombio, kabla kamati haijamkumbuka mtu mwenye Kiswahili kizuri kuliko changu. Nina sababu. Kuna jambo nililomnyamazia Bi. Nzisa kwa miaka minane, na yeye mwenyewe amenitaka niliandike humu ndani ya programu ya sherehe yake ya kustaafu, mbele ya macho yenu nyote. Nitalifikia. Kwanza apewe haki yake.

Alipoingia Kyeni, kituo kilikuwa na kanda arobaini na redio mbili, moja ikiwa bubu. Leo tuna kanda elfu mbili na mia tatu za vipindi vya redio vya shule, zimepangwa kwa darasa, somo na muhula, na ukimwamsha usingizini atakuambia Jiografia ya darasa la saba iko rafu ipi. Amezunguka shule za Kalama akiwa na betri ya gari nyuma ya baiskeli, ili watoto wasiokuwa na umeme nao wasikie vipindi. Huko Konza, kwenye shule moja ya watoto wa wafugaji, aliitwa kutengeneza redio iliyokuwa imenyamaza muhula mzima. Aliifungua akakuta mijusi wamejenga maisha yao ndani, wakubwa kwa wadogo. Aliwahamisha mmoja mmoja kwenye kofia ya mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akabaki ameishika kofia yake hajui aiweke wapi. Sisi tuliomfuata tunamwita Mwaitu, yaani mama yangu, hata wale ambao Kikamba chao ni cha kuombea maji tu.

Lakini huwezi kumweleza Mwaitu bila kumtaja mpiga piano mmoja, Leander Poole.

Poole alikuwa Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 1969 na kuacha santuri tisa. Ukitaja jazi hapa kwetu watu huwaza magitaa na bendi ya kuchezea harusini. Poole hakuwa na gitaa, na sidhani kuna harusi ambayo ingemvumilia. Anagonga noti, anaiacha ikae, anaingojea. Ukimsikiliza mara ya kwanza unadhani amesahau wimbo. Mara ya pili unaanza kuingojea pamoja naye. Mara ya tatu unajikuta umesimama dirishani ukitazama ukungu wa Julai ukishuka kutoka vilima vya Iveti, chai imepoa mkononi, na hukumbuki uliingia chumba cha kanda kutafuta nini. Nimewaona maafisa wenye haraka zao wakipotea hivyo kwa robo saa nzima, kisha wakatoka wakitembea polepole.

Mwaitu alimsikia kwanza mwaka 1973, akiwa mwanafunzi wa ufundi Nairobi, mwalimu wake alipoweka santuri ya Poole kuwaonyesha wanafunzi ubovu wa gramafoni. Wenzake walisikia ubovu. Yeye alisikia piano. Ilimchukua miaka kumi na mitano kumpata tena, nako kulikuwa soko la Tala, mwaka 1988, kwa muuza misumari aliyekuwa amefunika ndoo yake kwa jalada la santuri. Mwaitu aliinua jalada achague misumari, akakuta santuri bado imo ndani. Alirudi nyumbani na santuri, na misumari mingi kuliko iliyohitajika, kwa sababu aliona haya kuchukua kifuniko peke yake.

Baada ya hapo alipata njia. Maryan, mwenye duka la vitambaa hapa mjini, alikuwa na kaka yake, Liban, aliyehamia Kanada. Mwaitu alimwomba Maryan, Maryan akamwomba Liban, na Liban, ambaye hakuwa na habari na jazi, akaanza kupita maduka ya vitu vya mtumba huko kwenye theluji akiwa na kijikaratasi chenye jina la Poole. Santuri zilikuja moja moja, zimeviringishwa ndani ya sweta na mablanketi, kila moja na harufu ya nyumba ya mtu asiyejulikana. Mwaitu hakuziweka zote akazirundika. Ikija mpya, aliisikiliza hiyo peke yake kwa miezi mitatu, Jumamosi mchana, milango wazi, mahindi yakikaangwa jikoni. Alisema mtu akisikiliza mbili kwa siku moja atakuwa hajasikia hata moja.

Msidhani aliiba saa za serikali kwa burudani yake. Fundi yeyote wa kanda atawaambia kwamba mashine ikiyumba kasi, maneno ya mtu yanaweza kukufichia hilo, lakini piano haifichi, noti inalia kama imelewa. Kwa hiyo kila redio ya kaseti iliyotoka mikononi mwake ilijaribiwa kwa kanda aliyoinakili kutoka santuri za Poole, na walimu wengi wa Kalama walimjua Poole kabla hawajamjua mkaguzi wao. Mkaguzi mmoja kutoka Nairobi alifika siku ya semina akakuta walimu kumi na wawili wamefumba macho. Aliuliza hilo ni somo gani. Akaambiwa ni kusikiliza. Aliketi ili apate cha kuandika, na baada ya dakika tatu naye akafumba. Taarifa yake ilitusifu kwa kila kitu isipokuwa rangi ya ukuta.

Sasa nifike kwangu.

Santuri ya tisa, ya mwisho, Poole aliipiga peke yake, bila ngoma wala besi. Zilichapwa nakala chache, na Liban hakuipata popote. Lakini mwaka 1995 daktari mmoja wa meno, Mzungu aliyekuwa anafungasha virago arudi kwao, alimwazima Mwaitu nakala yake kwa Jumamosi moja tu. Mwaitu aliinakili kwenye kanda, upande wa kwanza na wa pili, na daktari akaondoka na santuri yake. Ya santuri ya tisa alibaki na kanda ile tu. Aliandika juu yake kwa penseli neno moja, "Piano", akavunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo ukingoni, ambavyo vikishavunjwa mashine haiwezi kurekodi juu ya kilichomo.

Hapo ndipo ubahili wa Kyeni ulipoingia. Kanda mpya zilikuwa adimu, kwa hiyo kituo hiki kilikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Kanda ya zamani ikiisha kazi, tulibandika selotepu juu ya matundu ya vile vijino, mashine ikadanganyika, tukarekodi upya. Tulibandika selotepu kama watu wengine wanavyovuta pumzi. Asubuhi moja ya Machi 1996, kipindi cha Hisabati cha darasa la sita kikiwa kinakaribia kuanza redioni na mimi sina kanda, niliona mezani kanda iliyoandikwa "Piano". Nilidhani ni somo la muziki la miaka ya nyuma. Nilibandika selotepu, nikabonyeza, nikarekodi sehemu na desimali kwa dakika ishirini. Nilijisifu kwa kuwahi.

Mchana Mwaitu aliichukua kanda kujaribu redio ya shule moja. Aliibonyeza pale nilipoiachia, zikatoka dakika tatu za Poole, tamu kabisa. Akairudisha nyuma kidogo, akatoka mwalimu akieleza robo tatu. Alizima. Aliitazama ile selotepu muda mrefu, akaitia kanda mfukoni, akaendelea kukaza skrubu za redio ya watu. Upande wa kwanza wote wa santuri ya tisa ulikuwa umekwenda, isipokuwa mkia wake.

Sikusema. Tulikuwa watatu tuliorekodi kwa zamu, mimi, Mutindi na Wathome, na angeweza kuwa yeyote kati yetu. Nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi, na nyumbani Yatta kulikuwa na watu waliokuwa wakiningojea nithibitishwe. Habari ilipomfikia mkuu wa wakati huo, aliitisha mkutano kuuliza kanda ya binafsi ilifikaje kwenye meza ya ofisi. Mwaitu alisimama akasema kosa ni lake, aliiacha mahali pasipo pake, na hakuna haja ya kumtafuta mwingine. Alipewa barua ya onyo, ya pekee katika miaka thelathini na miezi kumi. Mimi nilikuwa nimeketi viti viwili kutoka kwake, nikiangalia viatu vyangu. Naona haya kuandika hivyo hata leo.

Mwaka uliofuata nilithibitishwa kazini, na bado sikusema. Nilichofanya ni kwenda kwa Maryan kisirisiri kumwomba amsihi Liban asichoke kuitafuta ile ya tisa. Nilikwenda kila mwezi kwa miaka saba. Maryan alianza kuwaambia wateja kwamba huyu kijana ama anapenda vitambaa kupita kiasi ama amekuja kuposa. Jibu kutoka Kanada lilikuwa ni lile lile, bado. Moyoni nilijidanganya kwamba siku nitakapomwekea Mwaitu santuri mezani, maneno hayatahitajika tena.

Ilifika Septemba mwaka huu, ndani ya koti zito la baridi, jalada limepauka na kona moja imeliwa na panya wa ng'ambo. Niliipeleka chumba cha kanda saa tisa mchana. Mwaitu alivaa miwani, akasoma jina, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Hakuniuliza nimeitoa wapi. Alinitazama tu, na nikagundua kwamba maneno bado yalihitajika. Nikamwambia ni mimi niliyeifuta kanda yake, na kwamba barua ile ya onyo ilikuwa yangu.

Alisema, "Si nilijua siku hiyo hiyo. Nilienda nayo nyumbani nikaisikiza kutoka mwanzo. Ni wewe unaongea hapo, Dedan."

Nilikuwa nimesahau. Hapa Kyeni, kabla ya kipindi kuanza, anayerekodi husema kwenye maikrofoni darasa, somo, tarehe na jina lake. Nilikuwa nimeyasema maneno hayo mara nyingi hata siyasikii tena. Kwa miaka minane nilijificha, na kwa miaka minane sauti yangu ilikuwa nyumbani kwake ikijitambulisha kwa jina kila alipoiweka kanda ile.

Nikamuuliza kwa nini basi hakunitaja mkutanoni.

"Wewe ulikuwa bado hujakuwa confirmed," alisema. "Mimi barua moja haiwezi kunifanya kitu. Wewe wangekurudisha Yatta." Kisha akaongeza, bila ukali wowote, "Lakini nilingoja uje uniambie mwenyewe. Umechelewa sana."

Aliniambia nikae. Alipangusa santuri kwa kitambaa, akaweka sindano, akaketi upande wa pili wa meza. Ndipo nilipotambua jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Ule upande wa kwanza mimi sikuwa nimeusikia hata mara moja. Niliufuta bila kuusikia. Sasa ulitoka, noti moja, kimya, noti nyingine, na katikati yake Poole akaingia kwenye kitu cha polepole sana, kama mtu anayezunguka nyumba yake akihakikisha watoto wote wamefunikwa. Mwanga wa mchana ulikuwa umehama kutoka rafu za darasa la nne hadi za darasa la nane, na hakuna aliyebisha hodi. Mwaitu alikuwa anaongoza kwa kidole kimoja juu ya meza. Mahali fulani kidole kilikwenda huku na Poole akaenda kule, naye akatabasamu, akamfuata. Tulifika kwenye zile dakika tatu za mwisho nilizozijua. Sikuwahi kujua zilikuwa zinatoka wapi.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa mkuu wetu wa sasa, Bi. Wacera, nikaomba barua ya onyo ya mwaka 1996 itolewe kwenye faili la Bi. Nzisa Kimeu, na nyingine iandikwe kwa jina linalostahili. Bi. Wacera aliniuliza kama nina hakika, kisha akaiandika. Kwa hiyo Mwaitu anastaafu akiwa na faili safi, na Mutindi na Wathome, ambao huenda kuna mtu aliwawazia vibaya, hawakufanya lolote.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kyeni na walimu wa shule ulizozifikia kwa baiskeli, asante, Mwaitu. Asante kwa masikio uliyotufungua na kwa uvumilivu ambao hatukustahili. Tunakuombea afya, Jumamosi nyingi na ndefu, na majirani wasiopenda kelele. Binafsi nina neno moja tu la kuongeza. Sasa nimesikia nilichokunyang'anya, na ndipo nimejua ulinipa kiasi gani uliponyamaza.