Maisha ya Dada Yetu Bayana, Mtunga Majina wa Lugha ya Kompyuta

Waombolezaji wenzetu, majirani, na ninyi wa taasisi mliokuja na basi zima, familia imempa mdogo wa mwisho wa marehemu jukumu la kuwasomea maisha ya dada yetu, mliyezoea kumwita Bayana, na mnaombwa mumvumilie, kwa kuwa marehemu aliipitia historia hii mwenyewe akiwa hai, akakata kila sentensi asiyoielewa, zikiwemo karibu zote zilizomsifu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1963, katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la baba yetu, akiwa wa pili kati ya watoto watano, na mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alianza kuuliza kabla ya kutambaa. Aliingia shule ya msingi Januari 1970, akatolewa darasani mara mbili kwa kumtaka mwalimu wa hesabu aeleze kwa nini x iitwe x ilhali kila mtu anajua ni machungwa, na Novemba 1986 akahitimu shahada ya hesabu, walimu wake wakishusha pumzi.

Tarehe 3 Aprili 1989 aliajiriwa na taasisi iliyokuwa ikitengeneza lugha ya kuiamuru kompyuta kwa maneno yetu wenyewe, yeye akipewa kazi ya kuipa kila dhana jina. Sasa, katika mambo hayo, programu moja huweza kuzaa nyingine, ile ya kwanza huitwa mzazi na ya pili mtoto, na kuizima huitwa kuua, na mwezi wake wa kwanza kazini marehemu aliandika ubaoni, kwa mwandiko mzuri, kwamba mzazi asipojibu, ua watoto wote, kisha akaenda kula. Aliporudi alimkuta mfagizi analia kwenye ngazi, na mlinzi amesimama mlangoni na rungu, akimsubiri mwenye mwandiko. Alijieleza hadi jioni, na tangu siku hiyo akaapa kwamba hakuna jina litakaloingia katika lugha ile kabla ya kuulizwa watu watatu wasioijua kompyuta, na wakilielewa tofauti, jina hilo limefeli.

Watu hao tulikuwa sisi. Wakubwa wa taasisi walipotaka kitu kinachobeba thamani inayobadilika kiitwe kigeugeu, jirani yetu fundi cherehani alipoulizwa alimtaja shemeji yake bila kusita, na kitanzi, lililopendekezwa kwa amri zinazojirudia, lilimfanya mama amshike mwanawe mkono na kumuuliza kwa upole kama kuna linalomsumbua. Majina hayo yalitupwa, yakaja kasha na rudia, ambayo wanafunzi wanayatumia hadi leo bila kujua kwamba kuna mtu alinuniana na mkurugenzi miaka mizima kwa ajili yao.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na fundi redio, mtu mpole ambaye kusema jambo waziwazi kwake ni sawa na kung'olewa jino, aliyemposa kwa kusema ingefaa mambo yao yaeleweke, marehemu akamrudisha kwao akatafute maneno, naye akarudi nayo baada ya wiki mbili. Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume, Juni 1994, aliyekaa miezi mitano bila jina kwa kuwa kila lililoletwa lilifeli, hadi bibi yake alipochoka akamwita Tayari, na mjadala ukafungwa.

Agosti 2023 marehemu alianza kuumwa tumbo, na tarehe 18 Septemba daktari alimweleza mumewe kwamba ni saratani ya kongosho, naye shemeji yetu, kwa mapenzi tu, akakataza neno hilo lisitamkwe nyumbani, tukawa tunasema tatizo dogo. Marehemu hakubishana. Alituita mmoja mmoja kando ya kitanda, akatuuliza tatizo dogo ni nini, dada mkubwa akasema vidonda vya tumbo, Tayari akasema uchovu, mdogo wake huyu anayewasomea akasema gesi, naye akatukusanya sote, akatutazama kwa huruma na kutangaza kwamba jina limefeli. Ndipo mdogo wake huyuhuyu akalisema neno lenyewe, akilia, naye akalia, kisha akashukuru, akasema sasa anajua apange nini, na kweli miezi iliyobaki aliitumia kuwaaga watu na kugombana na waliostahili, wakati mumewe akiwa nje anatengeneza redio ambayo haikuwa mbovu.

Marehemu alikufa asubuhi ya tarehe 27 Januari 2024. Neno hilo alilichagua yeye, akikataa kabisa amelala, kwa kuwa wajukuu wangekaa kumsubiri aamke.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliojibu maswali yake yote, majirani mliokubali kuulizwa maneno msiyoyajua kwa zaidi ya miaka thelathini, na wafanyakazi wenzake, akiwemo mkurugenzi mstaafu, aliyefika hapa kabla yetu sote.

Shemeji yetu, kwa siku hizi tatu, kila aliyeuliza alimjibu kwamba mama hayupo, ametoka, amepumzika kidogo. Leo asubuhi kijana wa kuleta maji, ambaye hakuwa na habari, alimuuliza mama yuko wapi, naye akasema amekufa, mke wangu amekufa, akaketi palepale mlangoni akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza, na tuliokuwa ndani tukatoka kuketi naye.

Dada, tumekuelewa. Pumzika kwa amani.