Vitanzi vya Jezi Namba Kumi na Moja

Benchi la mbele ya ghala la nafaka, hapa Dubrava, Nebraska, lina wenyewe, na asubuhi hiyo ya Julai walikuwa watatu. Breki, aliyeendesha basi la shule miaka thelathini bila kugonga hata kuku. Daktari, ambaye udaktari wake wote ni wa ng'ombe. Na Ardith Hruska, anayeitwa Kocha mpaka leo, ingawa filimbi aliiweka kabatini zamani. Chupa ya kahawa ilikuwa katikati yao, na sahani ya kolachi, vile vikate vitamu vyenye plamu katikati. Mapajani mwa Kocha kulikuwa na jezi namba kumi na moja ya Marlys Kovarik, binti wa hapa hapa aliyecheza mpira wa wavu hadi timu ya taifa. Kocha alikuwa akiishonea vitanzi vya kupitishia fimbo, maana jioni ilikuwa itundikwe juu ukutani, katika ukumbi wa michezo wa shule. Na Dubrava jezi ikishapanda haishuki. Mchezaji kaisha, basi.

Marlys mwenyewe hakuwa amesema kitu. Goti lilimkatikia Italia, alikokuwa akicheza kwa mshahara, orodha ya timu ya taifa ikatoka bila jina lake, akarudi nyumbani anachechemea, kimya. Mji ukaufanya ule ukimya kuwa ndiyo kwaheri. Kamati ikapanga siku, ikaagiza keki, ikampa Kocha uzi.

Kamati haikujua kwamba wiki sita sasa Kocha alikuwa amempa Marlys ufunguo wa ukumbi, kwa siri. Kila asubuhi alisikiliza kutoka benchini, maana ukumbi uko ng'ambo ya barabara tu. Paa, mpira unapigwa. Puu, unaanguka. Katikati hakuna kishindo cha miguu kutua, kwa kuwa Marlys alikuwa anapiga amesimama. Mchezaji wa daraja lake huanzisha mpira akiwa hewani, na kuruka ndiko goti lilikokataa. Jana alimwambia Kocha, bila kulia, kwamba asubuhi ya leo ikipita hajaruka, watundike.

Ndiyo maana Kocha alishona polepole, kitanzi kimoja saa nzima.

– Hawa mafundi wa viti huko ukumbini watamaliza lini? Breki alilalamika. – Mwezi mzima wanagonga.

– Goti nalijua mimi, Daktari akasema. – Likishakatika, mnyama ni wa kula majani tu.

– Marlys si ng'ombe.

– Sijasema ng'ombe, Kocha. Nimesema goti.

Breki akasema goti wanalisingizia, shida ni Italia. Miaka minane mtoto anakula tambi, mfupa utapata wapi nguvu? Daktari akakataa, akasema ni ndege. Yeye aliwahi kumsafirisha fahali kwa ndege mpaka Texas, na fahali yule hakuruka ua tena maisha yake yote. Breki naye, asikubali kushindwa, akaleta jipya: paa la ukumbi wetu ni la chini, Marlys alijifunza kuruka huku ameinamisha kichwa, kwa hiyo tangu utotoni aliruka upande upande. Kosa ni la aliyechora ukumbi. Daktari akatafuna kolachi akitikisa kichwa kama vile amesikia jambo la maana.

Kocha alichoka nao. Hasira ilimpanda mpaka sindano ikamchoma kidole.

– Mlisema ni mfupi, alisema. – Mkasema anatumia kushoto, hakuna chuo kitakachomtaka. Aliporudi na medali mkasema mlijua tangu mwanzo. Leo mnajua tena.

– Tunamwonea huruma tu, Breki akasema kwa upole. – Ana miaka thelathini na mitatu, Kocha. Si apumzike jamani?

– Huruma yenu ndiyo inamlemea kuliko goti.

Hapo akafika mleta barua. Hakuwa yule wa siku zote, huyu alikuwa dada mgeni anayeshikilia zamu kwa wiki hiyo. Akawasalimu, akampa Daktari bahasha zake, akapokea kikombe cha kahawa. Kisha akaangalia ng'ambo.

– Samahani, wazee wangu. Nani huyo anayecheza mpira humo ndani?

– Hao mafundi, Breki akasema. – Wanatengeneza viti.

– Mafundi gani? Hakuna hata gari la fundi pale. Na huo ni mpira, nimeusikia nilipopita dirishani sasa hivi. Ni nani?

Breki akamtazama Daktari. Daktari akatazama kikombe chake. Shule imefungwa, mabinti wa timu wako kambini Lincoln, na ufunguo wa ukumbi wanao watu wawili tu hapa mjini, mkuu wa shule na Kocha. Taratibu macho ya wote wawili yakaenda kwenye jezi.

Ng'ambo mpira ukapigwa. Paa. Halafu dum, miguu miwili juu ya mbao. Halafu puu.

Sindano ya Kocha ikasimama. Alingoja, isije ikawa Marlys ameanguka.

Paa. Dum. Puu.

Kocha akachukua mkasi, akakata kitanzi cha kwanza, akakata na cha pili.

– Kocha, jioni watu mia tatu wanakuja, Breki akasema. – Keki imeshaokwa.

– Si wataila.

Akaikunja jezi, akaitia kwapani, akavuka barabara kumpelekea mwenyewe.