Vifungo vya Koti la Bosi

Hebu piga picha hii, wewe unayesikiliza: benchi la mbao nje ya duka la fundi cherehani, birika la kahawa juu ya jiko la mkaa, na mzee aliyempakata mjukuu ambaye hajafikisha miaka miwili. Mzee ndiye fundi mwenyewe; kijiweni wanamwita Babu Sindano. Mtoto wanamwita Bosi, kwa sababu akilia kila mtu husimama. Leo Bosi halii. Amelaza kichwa begani kwa babu, ndani ya koti zito alilomshonea, vifungo vimefungwa mpaka kidevuni. Mama yake alipotoka kwenda kazini alisema, "Baba, akibadilika mrudishe zahanati." Kubadilika vipi, Babu hakuuliza.

— Ni mafua yaleyale ya mwezi uliopita, alisema Babu. Yalikuja, yakaenda. Na haya yataenda. Nikapange foleni ya nini?

— Yaleyale wapi? alidakia Redio, fundi simu asiyepitwa na habari. Juzi zahanati si walimpitisha kijiti cha pamba puani? Wakasema kirusi ni cha ukoo uleule, ila aina nyingine. Msimu mmoja, aina kadhaa, zote zinatembelea watoto.

— Ukoo mmoja, sura mbalimbali? aliuliza Kinyozi. Kama wajomba zangu?

— Afadhali wajomba zako, wao hawaongezeki. Hiki kinajinakili usiku na mchana, na katika kunakili kinakosea kidogo kidogo.

Babu aliitikia kwa kichwa taratibu. Hilo alilijua kwa vidole. Ukikata kola ya leo kwa kufuatisha ya jana, na ya kesho kwa kufuatisha ya leo, mkasi huteleza upana wa uzi tu. Lakini baada ya kola nyingi, ile ya kwanza huitambui.

— Basi, alisema, mwili wa Bosi ulimjua mwizi kwa kola yake. Sasa amerudi na kola nyingine.

— Umenena, Babu!

Fikra hiyo ilimpendeza Babu mno. Akamimina kahawa kwa mkono mmoja, wa pili umemshika mtoto.

— Mimi nasema aina hizi zinatengenezwa chekechea, alisema Kinyozi. Huyu analeta kamasi nyeupe, yule za kijani, wanabadilishana kikombe, jioni imezaliwa aina ya tatu.

— Acha utani. Virusi vinapangiana zamu, alisema Redio. Mwaka huu wewe, mwakani mimi. Vina mwenyekiti.

— Na katibu?

— Asikose!

— Dawa yake wahenga walishasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kirusi hiki kina siku nne.

— Sasa jembe unampa akalimie wapi, Kinyozi? Puani?

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Bosi hakugeuka kutazama.

Hapo akafika mama mmoja, mteja, amekuja kuchukua sketi yake. Alisalimia, akaitikiwa, kisha akamwinamia mtoto.

— Anaumwa?

— Kirusi, mama, alisema Redio. Aina nyingine, si ile ya kwanza.

— Sawa. Na leo anapumuaje?

Redio alimtazama Kinyozi. Kinyozi alikitazama kikombe.

— Namaanisha kifua chake. Nani amekiona tangu asubuhi?

Babu Sindano alianza kufungua vifungo. Matundu aliyabana mwenyewe, ili upepo usipenye, na sasa kila kifungo ilibidi akisukume kwa kidole gumba. Cha kwanza. Cha pili. Alipopandisha fulana waliona wote: kila Bosi alipovuta pumzi, ngozi chini ya mbavu ilizama ndani, haraka haraka, kama mtoto anayekimbia naye amelala.

— Twende, alisema Babu. Duka lilibaki wazi, sketi mezani.

Zahanati walimwekea mrija wa oksijeni puani, wakamweka karibu na dirisha wamwangalie. Jioni, mama yake alipoingia mbio, Bosi alifumbua macho, akalia kwa sauti yake yote. Chumba kizima kikasimama.

Kijiweni bado wanabishana kuhusu ule ukoo, na ni vizuri wabishane. Una mengi ya kujulikana. Wewe nakuomba ukumbuke jambo moja tu: kabla ya kuuliza ni aina gani, mfungue mtoto vifungo.