Syokau, Mama wa Baba Yake

Marehemu Syokau Ndululu alizaliwa tarehe 14 Mei 1958 huko Kanyangi, Kitui, mtoto wa tatu wa mzee Kiema na marehemu Kavata. Alipewa jina la nyanya aliyemzaa baba. Kwa hivyo, kama ilivyo desturi yetu, baba alimwita Mama, naye alimwita baba "mwanangu".

Mwaka wa 1962 aliugua polio, mguu wa kushoto ukabaki mwembamba. Mwaka wa 1965 mvua ilikosa, ng'ombe wakaisha, na familia ikaamua kuhamia Kathonzweni kwa miguu. Likakatwa shauri Syokau aachwe kwa shangazi. Asubuhi ya kuondoka alijikokota hadi mlangoni, akasema mbele ya watu wote:

"Kiema mwanangu, unahama unaniacha mimi mama yako? Ni nani alikulea hivyo?"

Shangazi alicheka mpaka akaketi chini. "Kiema, hapo huna la kujibu. Beba mama yako!"

Baba alitua gunia la vyombo, akambeba mgongoni siku tatu. Vyombo vilibaki Kanyangi. Karibu miaka miwili tulipika kwa sufuria moja, na tukilalamika Syokau alituuliza kama hizo zilizobaki zingetuchekesha kama yeye.

Alianza shule akiwa na miaka kumi, akamaliza darasa la saba mwaka wa 1974, kisha akajifunza ushonaji kanisani. Cherehani aliikanyaga kwa mguu mmoja, na kwa sare za shule hakuna aliyemshinda.

Ndululu, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Migwani, alileta suruali ipunguzwe. Akairudisha mara tatu.

"Bwana, nikikata tena itakuwa kaptura," Syokau alimwambia. "Sema kilichokuleta."

Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1979, wakaishi Migwani.

Mwezi wa Novemba 1996 alianza kuugua figo, akalazwa hospitali ya Kitui. Baba alifika kutoka Kathonzweni, akaketi kando ya kitanda. Syokau akafungua macho.

"Mwanangu, umekula?"

"Bado, Mama."

Aliagiza chai na mkate, akamtazama mpaka akamaliza. Alituaga Jumanne tarehe 11 Machi 1997, saa nane mchana, baba akiwa hapo hapo.

Ameacha mume wake Ndululu, watoto Mumbua, Mutiso na Kalunde, baba yake, na sisi ndugu zake wawili. Sare saba ziko dukani kwake, bado hazina vifungo. Mumbua amesema atazimaliza kabla ya muhula mpya, wazazi wasiwe na wasiwasi.

Bwana amlaze salama dada yetu.